Mchicha Kwenye Mchanga wa Karasha

"Mama Teles, mbona unamwaga mchicha ambao hata haujakomaa?"

Nilikuwa darasa la tano nilipomuuliza hivyo, nimening'inia kwenye uzio wa mabua uliotenganisha uwanja wetu na wake, kule Rwamgasa. Alikuwa anapasua viroba vyake kwa kisu, anazoa mchanga kwa karai na kwenda kuumwaga kwenye shimo la choo cha zamani. Miche ilikuwa mibichi kabisa. Hakugeuka kuniangalia.

"Wameingia mchwa," alisema. "Nenda nyumbani, mama yako anakuita."

Mama hakuwa ananiita. Na mchwa sikumwona hata mmoja, ingawa nilishuka nikatafuta.

Jina lake la ubatizo ni Salvina. Alikuja Rwamgasa kutoka Ushirombo na mtoto mgongoni, Telesphori, akimfuata mume wake aliyekuwa anachimba dhahabu. Kabla hajazoea hata njia ya kisimani, mume akasikia dhahabu imetoka sehemu nyingine, akaondoka na wenzake. Simu yake leo inapatikana, kesho haipatikani. Mama Teles akabaki na chumba cha kupanga, mtoto, na uwanja wa kutosha mikeka miwili. Watu walidhani atafungasha arudi kwao. Yeye akamuuliza mama yangu mboga zinauzwa wapi, akaenda, akarudi ameshika fungu la chainizi analigeuzageuza kama mtu aliyetapeliwa.

"Mama Asteria, hivi hizi watu wanakula au wanavaa? Maana kwa bei hii! Kwetu Ushirombo mboga unaomba kwa jirani."

"Hapa jirani yako ni mimi, na mimi sina," mama akamjibu. Wakacheka, wakawa marafiki.

Muda si mrefu akaja bibi shamba, anaitwa Eufrasia, akafundisha akina mama kigangoni baada ya ibada. Alisema hata mwenye uwanja wa kuanikia dagaa tu anaweza kula mboga yake mwenyewe. Unatafuta kiroba kilichokwisha kazi. Katikati unasimamisha mawe madogo madogo ili maji yapite mpaka chini. Pembeni unajaza udongo, samadi iliyooza na mchanga laini, halafu unatoboa matundu ubavuni na kupandikiza miche. Maji ni yale uliyooshea mchele.

Mama Teles alianza kwa kukosea, tena vizuri tu. Samadi aliitoa zizini ikiwa bado ina joto, miche ikaungua. Akapanda tena, kuku wa kwetu wakala yote, mama akaomba radhi kwa niaba ya kuku. Mara ya tatu aliweka udongo mtupu, ule mwekundu wa pale, maji yakatuama juu kama kwenye bakuli.

"Mchanga, mama, nilisema mchanga," bibi shamba alimwambia alipopita kukagua. "Mizizi inataka kupumua. Huu ni tofali."

Mchanga, basi. Wa kujengea ulikuja kwa lori, wa watu wenye nyumba. Lakini nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na karasha, yale mapipa ya chuma yanayozunguka kutwa nzima kusaga mawe ya wachimbaji. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, kinachobaki ni mchanga wa kijivu, laini kama unga. Pale ulikuwa umerundikana kama kilima. Wachimbaji wanauita marudio, kwa sababu dhahabu haijaisha ndani yake. Unarudishwa kuoshwa upya kwa dawa. Mwenye mawe anaondoka na dhahabu aliyopata, marudio yanabaki mali ya mwenye karasha. Kila mtoto wa Rwamgasa anajua hilo. Hata mimi nilijua, na jedwali la saba lilikuwa bado linanishinda. Ila Mama Teles alitoka Ushirombo vijijini, ambako mchanga ni mchanga.

Akaenda kwa mlinzi, Mzee Nkwabi, Msukuma wa upande wa Shinyanga, mwenye koti refu na redio iliyofungwa kwa mpira.

"Shikamoo baba."

"Malahaba, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Naomba mchanga kidogo."

"Unajenga?"

"Napanda mchicha."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Mchicha! Watu wanatafuta dhahabu humu, wewe unatafuta mchicha! Haya, chukua kiloba kimoja. Kimoja tu, mayu. Mchanga huu si wangu, ni wa Gregory, na Gregory hata punje anaijua."

Mengi ya haya amenieleza Mama Teles mwenyewe, baada ya siku ninayokwenda kuisimulia. Nilimuuliza kama siku ile alisikia vizuri maneno ya mzee. Nilitaka aniambie karasha lilikuwa linapiga kelele, au Teles alikuwa analia. Akasema hapana, alisikia vizuri. Alisikia "kimoja tu", na alisikia kwamba mchanga una mwenyewe.

Kile kiroba kimoja kilishika. Mchicha ulitoka kwenye matundu pande zote, mnene, mpaka akina mama wakawa wanapita kuangalia na kuuliza amefanyaje. Mama Teles aliyezoea kuitwa "yule mgeni aliyeachwa" akawa anaitwa "mwalimu". Akataka viroba vingine. Mchana mzee alikuwa anakwenda kula ugali kwa mama ntilie, na upande wa nyuma wa kile kilima haukuonekana kutoka barabarani. Mama Teles alibeba mtoto mgongoni na kiroba kwenye ndoo kichwani, kama mtu anayetoka kisimani. Kila alichobeba alijiambia ndicho cha mwisho.

Kisha Gregory, mwenye karasha, akaja na mteja wa kununua marudio. Wakazunguka nyuma, wakakuta kilima kimemong'onyolewa kama mkate ulioliwa na panya. Gregory hakuuliza mara mbili. Akasema mlinzi anauza mali yake kwa wenye mitambo ya kuoshea.

Filimbi ya sungusungu, walinzi wa kijiji, ikalia, watu wa kitongoji tukakusanyika. Mzee Nkwabi alisimama katikati, kofia mkononi.

"Umeuza kwa nani?" kamanda wao akamuuliza.

"Sijauza. Nilimpa mtu kiloba kimoja."

"Nani?"

"Alikuwa na shida ndogo tu."

"Mzee, tunataka jina!"

"Mwenyewe yupo. Atasema."

Mama Teles alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, karibu na mama yangu, Teles mapajani. Anasema alichukua upindo wa kanga akaanza kumfuta mtoto kamasi, na mtoto hakuwa na kamasi. Aliwaza: mimi mgeni, mume sijui yuko wapi, wakinitenga nitalala wapi na mtoto? Yule ni mzee aliyezoeleka hapa, Msukuma mwenzao, ikifika jioni watakuwa wamemsamehe. Akaendelea kumfuta mtoto pua mpaka Teles akalia kweli, naye akanyanyuka kama mtu anayekwenda kumbembeleza. Akaondoka.

Hawakumsamehe. Kazi ilikwisha pale pale, na sungusungu wakamtenga. Kwa asiyejua: ukitengwa, hakuna anayekusalimu. Huuziwi kitu dukani, huombi moto wala maji, na atakayekupa naye anatozwa faini. Unapita katikati ya watu kama hupo.

Alipita hivyo hadi siku moja akasimama kwenye uzio wa Mama Teles. Mimi nilikuwepo, nimetumwa kuchukua mboga.

"Hodi," akasema. Hakuna aliyemjibu. "Mayu, niuzie mchicha."

Mama Teles aliinamisha kichwa. "Baba... wamekataza."

Mzee hakubisha. Alikuwa ameshaangalia viroba. Vilikuwa vimejipanga ukutani, na kwenye yale matundu ya ubavuni mchanga wa kijivu ulikuwa unachungulia chini ya majani. Aliviangalia kimoja kimoja, polepole, mpaka kile cha mwisho.

"Kumbe kilishika," akasema. "Tena kimezaa watoto wengi, kile kiloba kimoja."

Mimi nikadhani anamsifia. Nikacheka. Mama Teles hakucheka, na mzee akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante, akajiondokea. Asante ya nini, sikuelewa. Kesho yake alipanda lori la ng'ombe kurudi kwao Shinyanga, na kesho yake hiyo hiyo ndipo nilipomkuta Mama Teles anapasua viroba, nikamuuliza swali langu.

Jina la mzee halikuondoka na lile lori. Mtu akiiba mchanga, watu husema "amefanya unkwabi". Watoto walilitumia hata kwenye gololi. Mama anasema Mama Teles akilisikia alikuwa anaingia ndani, hata kama ameacha kitu jikoni.

Sasa niko kidato cha tatu Geita mjini, nakaa kwa mama mdogo Kalangalala, na Mama Teles anaishi mtaa wa pili. Mume alirudi, akaondoka tena, hiyo ni habari nyingine. Uwanja wake wa sasa umejaa mboga kwenye ndoo zilizopasuka, matairi, madumu yaliyokatwa, hata beseni la plastiki lisilo na kitako. Jumamosi anafundisha wanaoanza, bure. Anawaonyesha kuchanganya mbegu za mchicha na majivu ili zisianguke zote sehemu moja, na kuonja samadi kwa pua kabla ya kuitumia. Mchanga wa karasha ameupiga marufuku. Una zebaki, anasema, si wa kupandia chakula. Hilo alikuja kulijua baadaye, na sisi tulikuwa tumeshakula ule mchicha, Teles wake pia. Nalo linamkaa.

Ana swali moja ambalo akina mama wanamtania nalo. Ukija na udongo wako anakuuliza, "Umeutoa wapi? Mwenyewe anajua?"

"Mwalimu, udongo nao una mwenyewe?"

"Upo wenye mwenyewe."

Mwezi uliopita alikuja mwanafunzi mpya, binti aliyeolewa karibuni, mpole, hana hata uwanja ila kibaraza. Mama Teles akamwambia ajitambulishe.

"Naitwa Mageni. Kwetu Shinyanga. Ila babu yangu alishawahi kukaa huku Rwamgasa, alikuwa mlinzi wa karasha. Mzee Nkwabi."

Mama Davis, ambaye naye ametokea Rwamgasa, akapiga makofi. "Nkwabi yule wa mchanga? Jamani, tumepata fundi! Hatuhangaiki tena, mjukuu atatuletea!"

Wakacheka wote. Kidogo nami nicheke, nikamwona Mageni anavyotazama vidole vyake vya miguu.

"Babu hakuiba," akasema.

"Haya, mtetee, ni babu yako."

"Hakuiba. Na mpaka leo hakanyagi Geita. Hata kwenye harusi yangu hakuja, alisema huku ametengwa, atatutia aibu."

Mama Teles alikuwa amepiga magoti, mikono yake imezama kwenye beseni la udongo. Aliacha kuchanganya.

"Mama Davis, nyamaza kidogo," akasema. Kisha akaniita. "Asteria. Ile siku Rwamgasa, ukiwa juu ya uzio, uliniuliza kitu. Unakikumbuka?"

"Nakikumbuka."

"Kiulize tena. Kwa sauti, huyu binti asikie."

Niliona haya. Kumuuliza mtu mzima kitu kama hicho mbele ya watu, tena mimi ndiye mdogo kuliko wote pale. Lakini alikuwa ananitazama, akingoja, kwa hiyo nikauliza, na sauti ikatoka ndogo:

"Mama Teles, mbona ulimwaga mchicha ambao hata haujakomaa?"

"Kwa sababu mchanga ule niliuiba. Mzee Nkwabi alinipa kiroba kimoja, vingine vyote nilivichukua mwenyewe akiwa amekwenda kula. Walipomuuliza hakunitaja. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikanyamaza, wakamtenga. Mchwa hawakuwepo, Asteria. Mageni, mama, nipeleke kwa babu yako nikapige magoti, halafu twende wote Rwamgasa. Filimbi ilipigwa watu wakamsikia yeye. Na sasa wataipiga tena, wanisikie mimi."