Springi Haichomelewi

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi ni ya manyunyu, na bati la gereji linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Cheche anainama kuokota nyundo, anashika ukingo wa meza, anatulia. Pumzi haiji.

"Mzee, umesahau ulichoinamia?" anatania fundi rangi wa banda la pili.

"Nasali," anajibu. Hatanii.

Cheche, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ni mchomeleaji wa vyuma. Mshono wa weldi yeye huuita kovu, na wateja huwaambia kwa majivuno: "Patavunjika kwingine, si kwenye kovu langu."

Neno hilo, kovu, nusura limmalize. Mwaka jana alipata mshtuko wa moyo. Baadaye kliniki ikamwambia moyo wake una kovu. Akamshukuru Mungu, akarudi nyumbani, vidonge akavitupia kabatini.

"Nilijua pameshaungana," anasema. "Kitu kikishaungana unakigusagusa cha nini?"

Miguu ikaanza kuvimba. Kulala chali kukawa kama kuzama majini. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alijizoeza kulala na kiganja juu ya kifua cha mumewe.

"Akikoroma naogopa," anasema mkewe. "Akinyamaza ndiyo kabisa."

Wiki iliyopita walikwenda kwa daktari pamoja. Akawaeleza taratibu: baada ya mshtuko, seli za kutengeneza kovu zilikimbilia kuziba jeraha, na bila hizo moyo ungeweza kupasuka. Shida ni kwamba nyingine hazikuacha kazi. Zinaendelea kutandaza kovu hata penye nyama nzima.

"Moyo unatakiwa ujikunje na kujikunjua," daktari alisema. "Wako unashupaa."

Cheche akaelewa papo hapo. Katika maisha yake yote amekataa kuchomelea springi ya lori, hata dereva abembeleze vipi. Ukiichomelea inakakamaa, haichezi, halafu siku moja inakatika gari likiwa na mzigo.

"Nilijiona nimelala chini ya hilo lori," anasema, akitazama pembeni.

Kovu lililopo halitafutika. Dawa zinaweza kupunguza kasi ya linaloendelea, basi. Tangu siku hiyo anausikiliza kila mdundo, akiuombea unaofuata.

Saa nne mkewe anaingia gerejini na vidonge na kikombe cha maji. Anawaita mafundi wote.

"Ahadi yako ya dawa, isemee mbele ya hawa. Mimi umeshanizoea."

Fundi rangi anazima mashine yake. "Shemeji, akikataa nimpige rangi ya gari la wagonjwa?"

Hakuna anayecheka. Cheche anameza. Maji yanamchuruzika kidevuni.

"Naogopa, jamani," anasema. "Chuma kizito nitawaachia ninyi, mimi nibaki na madirisha. Na dawa hii, Mungu ananisikia na ninyi mnanisikia, siiachi tena, hata siku nitakayojiona mzima."