Oili Nzito ya Mombo

Gari la baba lilikuwa linalala likiangalia bondeni. Kwetu Lukozi magari mengi ya zamani hulala hivyo. Asubuhi dereva anaachia breki, gari linaserereka, anatia gia ya pili na kuachia klachi, injini inashtuka na kuwaka. Baba alifanya hivyo miaka yote niliyomjua. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, niliachiwa pikapu, mteremko na wadogo zangu watatu. Nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi shuleni. Jirani yetu, dereva mstaafu, alinifundisha kuendesha, nikaanza kushusha kabichi na karoti za watu hadi Mombo.

Pikapu ilishapita kilomita laki tatu kabla ya kufika mikononi mwangu. Mwaka wangu wa tatu wa kuendesha ilianza kutoa moshi wa buluu, hasa tukipanda kurudi nyumbani. Madereva wa stendi hawakunihurumia.

"Dada, unaendesha au unapika?"

"Mwacheni, ana tanuri la mkaa humo ndani."

Nilicheka nao, lakini nilikuwa naona aibu. Nikaenda kwa fundi mmoja wa Mombo. Aliuangalia moshi, akafuta mikono.

"Ringi za pistoni zimechoka, oili inapenya na kuungua. Weka oili nzito, namba hamsini. Moshi utakatika."

"Baba alikuwa anaweka nyingine, nyepesi."

"Baba yako aliliendesha likiwa kijana, dada. Mzee anataka kitu kizito."

Nilikubali. Na kweli moshi ulipungua mpaka stendi wakaacha utani. Nilijiona nimeshakuwa dereva.

Kisha baridi ya mwezi wa sita ikaingia. Siku hizo ukungu wa kutoka Magamba unashuka mpaka mlangoni, na ukiongea unaiona pumzi yako. Asubuhi moja nilichomoa kijiti cha kupimia, nikaona oili imening'inia kama uji uliolala. Nilikirudisha, nikaachia breki kama kawaida. Injini ilipowaka tu, ukaanza mlio wa kugonga juu yake, mkali na wa haraka, na taa nyekundu ya oili haikuzima mpaka tulipopita kona ya shule ya msingi. Mdogo wangu wa kwanza alikuwa pembeni yangu na begi lake magotini.

"Dada, mbona kama cherehani?"

"Ni uzee," nikamjibu, kama fundi.

Siku zilizofuata taa ilichelewa zaidi kuzima. Nilianza kuendesha roho mkononi, kwa sababu nilijua hesabu ya nyumba yetu: injini ikifa, hakuna kitu kingine kinachowapeleka wale watatu shule. Kama mimi nilivyoishia kidato cha pili, na wao wangeishia njiani.

Ni yule jirani aliyenisimamisha. Alisikia mlio akiwa kwenye maharage yake, akaja barabarani na jembe begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umelilisha nini hilo gari?"

"Namba hamsini. Fundi wa Mombo kaniambia."

"Huyo fundi analala Lukozi?"

"Hapana, babu."

"Analala Mombo, bila shuka, anajipepea na kadibodi. Baridi ya huku ataijulia wapi? Oili yako asubuhi bado imeganda kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, na wewe unaishtua injini kwa mteremko. Inaamka inakimbia, juu huko oili haijafika, chuma kinasaga chuma."

"Sasa niweke ipi?"

"Namba zenu za siku hizi sizijui. Baba yako alikuwa na kitabu."

Kitabu kilikuwa kwenye sanduku la nguo za mama. Kimeandikwa Kijapani kitupu. Hata aliyemaliza chuo asingesoma. Nilikifungua ukurasa kwa ukurasa mpaka nikakuta picha ya kipimajoto, na juu yake mistari minene, kila mmoja na namba zake. Picha ile haikuhitaji lugha. Mstari wa hamsini ulikuwa mfupi, umejibana upande wa joto. Mstari wa kumi na tano arobaini ulianza kwenye baridi ukaenda mpaka mwisho: namba ya kwanza ya asubuhi ya Lukozi, ya pili ya mchana wa Mombo. Pembeni ya mstari huo palikuwa na doa jeusi la kidole cha baba. Jibu lilikuwa ndani ya nyumba siku zote, nami nikaenda kuuliza bondeni kwa sababu nilitaka watu waache kunicheka.

Dukani Lushoto muuzaji alinionya. "Ukiweka hii kwenye gari bovu litatoa moshi, dada."

"Litoe."

Nilimwaga ile nzito, nikatia mpya na kubadilisha filta pia. Tukasukuma pikapu wote wanne mpaka kwenye tambarare, uso ukiangalia ukuta wa jikoni, nisije nikashawishika kuserereka tena. Betri ilikuwa nzima. Kuserereka kulikuwa mazoea tu. Kesho yake nilizungusha ufunguo, nikasubiri mguu ukiwa mbali na pedeli ya mafuta. Wadogo zangu walihesabu kwa sauti. Walipofika nne, taa ikazima.

Moshi ulirudi, si mwingi. Natembea na kidumu cha oili nyuma ya kiti, na kila Jumamosi mdogo wetu wa mwisho anapima na kuongeza.

"Dada, umerudi jikoni?" waliniuliza stendi.

"Nimerudi. Karibuni chakula."

Mlio mmoja mdogo haukuondoka, upande wa dereva. Huo niliusababisha mimi. Huwa nausikia kila asubuhi nikisubiri mbele ya ukuta, wadogo wakipanda mmoja mmoja na mabegi yao, na siondoki mpaka taa izime.