Maximilla Nyuma ya Leso

Ilikuwa mwaka wa 2018 Maximilla alipotoa kiti chake nje ya darasa. La, nimekosea, ilikuwa 2019, kwa maana mwaka uliofuata ndipo korona ilipofunga kila mlango.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mpaliliaji wa miwa huko Kabras, na kila alasiri aliosha jembe akaenda darasa la ngumbaru, la watu wazima, kanisani. Mwaka huo alitaka apande ngazi, aanze masomo ya cheti. Kwamba angefaulu, hilo hakulitilia shaka hata kidogo.

Halafu mwalimu akahamishwa, na aliyeletwa badala yake alikuwa Wandera, mume wa bintiye Jescah. Kwao, mama na mkwe wake hawaketi chumba kimoja wakatazamana. Maximilla alipomwona akiingia alijifunika uso, akabeba kiti chake akapitia mlango wa nyuma, akakiweka chini ya dirisha.

"Mama Jescah, siku hizi wewe ni askari wa kanisa?" mzee Shitanda, aliyeketi karibu na dirisha hilo, alimtania.

"Askari analipwa, mimi nalinda heshima bure. Hebu mwambie mwalimu apaze sauti."

Hivyo ndivyo alivyosoma. Swali lilitoka kwa Wandera, Shitanda akalipitisha dirishani, jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Siku moja Wandera alieleza kwamba neno la Kiingereza linaweza kuwa na kazi zaidi ya moja. "Water" ni maji yaliyo mtungini, na ukimwagilia sukuma wiki, kitendo hicho nacho ni "water". Utajua kazi yake kwa kuangalia limekaa wapi katika sentensi. Maximilla akacheka huko nje. Yeye mwenyewe nyumbani ni mama, shambani ni kibarua, kanisani ni mwimbaji, na jina halijabadilika.

Shida ilikuja siku ya mtihani wa kuongea. Kila mmoja alitakiwa asimame mbele ya mwalimu, achague neno moja na kulitumia kwa kazi mbili.  Wandera akamtuma Shitanda aseme kwamba mama angoje mwaka ujao, huenda akaja mwalimu mwingine.

"Mwambie mwaka ujao nina kazi," Maximilla alisema. "Na mwambie ageukie ubao."

Akafungua leso kiunoni, wanawake wawili wa darasa wakaitandaza mlangoni kama pazia, naye akasimama nyuma yake, wima. Ndani, Wandera aligeukia ubao, chaki mkononi.

"There is a weed in my cane," sauti ikatoka nyuma ya leso. "I weed my cane."

Kwanza gugu ndani ya miwa, kisha kupalilia miwa.  Wandera akachora alama ya vema ubaoni, kubwa, bila kugeuka.

"Mzee, mwambie mama amepita."

"Nimesikia," Maximilla alisema, lakini hakuondoka pale mlangoni. "Sasa Shitanda, niulizie kitu kimoja."

Shitanda aliuliza. Wandera aliutazama ubao mpaka kengele ya kanisa ikalia, na tangu hapo Maximilla amewauliza walimu wengine wawili na mchungaji, wote wakatabasamu tu. Hao wenye Kiingereza, walilipatia gugu jina hilo la "weed" kwanza, au walianza kwa kupalilia?