Mawimbi Sawa Meza

Baba alivua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mama aliwauza sokoni, na nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa na vipimo viwili: cha mama na cha baba.

"Sambaza kubwa sawa mukono, kujeni!" mama aliita. Alikulia Goma; sauti yake ilifika mbali.

"Sawa kidole," baba alisema polepole, akitua beseni.

"We papa, uko upande gani?"

Wateja walicheka, wakanunua. Mama aliwaita, baba aliwafanya waamini.

Mimi nilimfuata mama kwa kukuza mambo. Nikisema siku moja nitakuwa na hoteli ufukweni na mitumbwi yangu, mama aliuliza ghorofa ngapi. Baba aliuliza, "Kasia iko wapi?" Basi nikaanza kuchonga kasia. Baba alipougua na kufariki mwaka jana, kasia lilikuwa limefika nusu.

Baada ya mazishi mama alinyamaza. Ndugu walileta viazi kutoka Mudende, akasema "asante" tu. Nilianza kuogopa kwamba tumezika wawili.

Siku ya kumaliza kilio, ndugu na wavuvi walijaa uani, wakimngoja aseme neno juu ya marehemu. Mama aliinuka polepole. Alianza hadithi yake ya zamani, ile tuliyoijua sote.

"Siku ile upepo ilivunja miti yenye kufunga mitumbwi pamoja. Yeye akaruka mu maji, akaifunga tena. Mawimbi ilikuwa kubwa sawa nyumba..."

Akaishia hapo. Aligeuka kulia, upande ambao baba alizoea kukaa na kumrekebisha hapo hapo. Pale alikaa shangazi, na shangazi aliangalia chini. Kila mtu uani alijua neno linalofuata, hakuna aliyethubutu kulisema. Mama akabaki amesimama, mdomo wazi, anangoja.

Mimi niliyekuwa napenda mawimbi hayo yafike hata mlimani, nikasikia sauti yangu:

"Sawa meza, mama."

"Kwani uliipima?" mama akauliza, kama alivyomjibu baba siku zote. Wavuvi walicheka, halafu kicheko kikawafia mdomoni.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Bon, haya," alisema. "Ilikuwa sawa meza. Akaogelea, akatoka."

Kisha akakaa. Miaka yote ile ya kubishana, baba hakuwahi kumsikia akikubali.