Upande wa Dada

Dada yangu amekuja Hagsätra, hapa Uswidi, kututembelea kwa miezi mitatu, na mjukuu wangu hajaacha kumshangaa. Kila baada ya sala ya alasiri tunaweka msahafu juu ya meza ya jikoni. Mimi nakaa upande huu, dada upande ule, naye husoma maandishi yakiwa kichwa chini. Hakwami hata neno moja.

Mjukuu aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini hatumpi dada msahafu wake, maana mwingine upo kabatini. Nikamwambia akae nimsimulie.

Tulizaliwa Tanga wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, mama Mwafrika wa hapohapo. Shule zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Ya machotara haikuwepo. Baba alitupeleka sote wawili shule ya Wahindi. Karani alitutazama nywele na ngozi, akaniandika mimi. Dada, aliyechukua rangi ya mama, akaambiwa ajaribu upande wa pili wa mji. Baba alibishana mpaka sauti ikamkauka.

Basi kila asubuhi tulitoka nyumba moja, tukaachana njia panda. Alasiri tulikutana tena chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani. Pale hakuna aliyeulizwa rangi, ila juzuu zilikuwa chache, kwa hiyo watoto wawili walisoma moja wakitazamana. Dada aliniachia upande wa herufi zilizokaa sawa kwa kuwa mimi ni mdogo. Yeye akajifunza kusoma kichwa chini.

Siku moja nilikuwa natoka shule na wenzangu. Dada alikuwa anatoka sokoni na kapu la mama, akanipungia mkono.

"Yule mnajuana naye?" mmoja akaniuliza.

"Anatufanyia kazi nyumbani," nikasema. Dada alisikia.

Alasiri ile chuoni alikaa mahali pake, akaizungusha juzuu. Sasa herufi zilikuwa kichwa chini kwangu. Nikakwama neno la kwanza.

"Una nini leo?" mwalimu akauliza.

"Dada amegeuza juzuu, mwalimu."

"Dada gani?" akasema dada. "Mimi mtumishi wa kwao tu."

Wenzetu wakacheka. Mwalimu hakucheka, wala hakunichapa. Alisema juzuu ibaki hivyo mpaka tupatane wenyewe. Siku nne nilisoma kwa kubabaisha, machozi yakinitoka. Sikuogopa kufeli. Niliogopa kwamba hataniita tena mdogo wangu. Nilipomwomba radhi nyumbani alijibu, "Umenikana barabarani. Radhi ya chumbani siitaki."

Siku ya tano nilimwona njia panda, na wenzangu wako nami. Nikamwita kwa sauti, "Dada, nisubiri," nikakimbia kumpokea kapu. Nyuma yangu nilisikia minong'ono, na msichana mmoja hakunisemesha muhula mzima. Lakini nilipofika chuoni, juzuu ilikuwa imenielekea mimi.

"Soma, mdogo wangu," dada akasema. "Umetuchelewesha."

Tulihitimu Kurani siku moja. Mama alipika pilau, baba akatushonea magauni ya kitambaa kimoja, na Mwenyezi Mungu amenijalia umri wa kulikumbuka gauni lile mpaka vifungo vyake.

Mjukuu, ambaye baba yake ni Mswidi, alisikiliza bila kunikatiza. Kisha alikwenda kutawadha, akaleta msahafu wa pili, akaufungua mbele ya dada, umekaa sawasawa.

Dada akaufunga taratibu. "Asante, mjukuu wangu. Mimi upande huu ndiko kwangu. Yakikaa sawa nitakosea."

Mtoto yule, ambaye kila nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, akasogeza kiti chake kando ya dada, akamwinamishia kichwa begani, akasema kwa Kiswahili, "Basi, bibi, nifundishe hivyohivyo."

Dada alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Nami nilisema alhamdulillahi, nikabaki peke yangu upande wangu wa meza. Walianza na alifu, ambayo hata ukiipindua ni ileile, kwa hiyo mtoto hakukosea.