Kipete Cheupe cha Mama Mawimbi

Mama Mawimbi alikuwa na desturi moja ambayo madereva waliicheka, ila wakiwa mbali naye. Kila alipofunga redio ya upepo kwenye lori, alikishika kipete cha plastiki kwa midomo, kama mshonaji anavyoshika pini, tangu anapoanza kutoboa tundu la antena hadi zamu ya kipete ifike. Kilikuwa cheupe, kidogo kuliko kifungo cha koti. Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya mguu wa antena na bati la lori ili viwili hivyo visigusane. Vikigusana, sauti ya dereva haiendi kokote. Inaishia kwenye bati kama maji kwenye mchanga, na redio yenyewe huungua kimyakimya, taa yake ikiwa bado inawaka.

Alifundishwa na marehemu mumewe, ambaye banda lile la mabati kwenye geti la kiwanda cha mbao lilikuwa lake kwanza. "Kipete kikiwa mdomoni hakipotei," mumewe alikuwa akimwambia, "na fundi hapayuki." Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu azikwe, na mjane wake alikuwa amefunga redio kwenye karibu kila lori lililopanda mlima ule kufuata magogo.

Bila redio, mlima haukupandika. Barabara ilikuwa imechimbwa ubavuni mwa mlima, upana wa lori moja tu, upande huu ukuta wa mawe, upande wa pili hewa tupu. Ilikuwa na nguzo ishirini na mbili zilizopakwa namba, na nafasi tatu tu za kupishana: namba tano, namba tisa na namba kumi na nne. Anayepanda hutaja namba yake kila anapofika kwenye nguzo: "Mtupu, nne." Anayeshuka na magogo hutaja yake: "Mzigo, ishirini." Wakisikiana, mtupu hujibanza penye nafasi, kwa kuwa mzigo hausimami kirahisi. Na asipojibiwa mtu, anapita. Kimya maana yake njia ni nyeupe.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi getini. Lori lililokuwa bandani lilikuwa la mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, ambaye ijapokuwa alishakuwa pande la mtu na baba wa mtoto wa miezi mitatu, bado aliitwa Kitinda. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kwenye magogo. Dada mtu hakuipenda kazi ile na hakuficha.

Alikuwa juu ya ngazi, drili mkononi, kipete mdomoni.

"Dada, unafunga antena au unajenga mnara?" Kitinda aliuliza kutoka chini.

Mama Mawimbi aliguna.

"Wenzangu wameshapanda. Huko juu nikikosa zamu napakiwa jioni."

Akaguna tena.

"Shemeji alikuwa anafunga kwa nusu ya muda huu. Tena anapiga soga."

Hapo ndipo fundi alipokitoa kipete mdomoni. Alikitia kwenye mfuko wa aproni, akageuka.

"Shemeji yako alikuwa na mwanamke wa kumshikia ngazi," alisema. "Mimi nina mwanamume wa kunipigia kelele. Uliambiwa ubaki kwenye gari la mikate, ulale kwako kila siku. Mikate haiporomoki."

"Mikate hainunui kiwanja."

"Kiwanja utakijenga vipi ukiwa shimoni?"

Mama Mawimbi bado alikuwa na mengine ya kusema, akayasema yote huku mikono ikiendelea kwa mazoea: antena tunduni, nati juu, spana, mzunguko, mzunguko mwingine. Mdomo ulikuwa umejaa maneno, hivyo hakuhisi kwamba ulikuwa mtupu.

Yalibaki majaribio mawili. La kwanza ni mita, inayoonyesha kama sauti inatoka au inarudi. La pili, lori liende hadi kwenye tangi la maji, nyuma ya kona, dereva aite, naye asikilize akiwa bandani. Kitinda alikuwa ameshapanda kwenye kabini na kuwasha redio. Malori matano yaliyoegeshwa uani yalikuwa yanataniana, sauti zikamjaa masikioni.

"Inaimba, dada. Sikiliza."

"Kusikia siyo kusema. Subiri mita."

"Nitakuita nikiwa njiani. Hilo si ndilo jaribio lenyewe?"

Siku nyingine angesimama mbele ya boneti. Siku hiyo hasira ilimsimamia. "Nenda, basi, wewe unayejua," alisema. Lori likatoka getini saa mbili na robo, likamezwa na ukungu kabla ya kona.

Alikaa kwenye benchi, karibu na redio kubwa ya bandani, akaanza kuchomea waya za lori jingine. Hakusikia "Mtupu, moja." Hakusikia "Mtupu, mbili." Ananinunia, alijisemea, ndiyo tabia yake tangu utotoni, ukimgombeza anavimbisha mashavu. Halafu ikaja sauti nzito ya Babu Gia, dereva mkongwe kuliko wote, akishuka na magogo.

"Mzigo, kumi na saba."

Hakuna aliyemjibu.

"Mzigo, kumi na sita."

Kimya.

"Mzigo, kumi na tano. Leo njia tamu, nadhani wote mmelala."

Mama Mawimbi alitia mkono kwenye aproni kutafuta penseli. Kidole chake kikagusa kitu laini, cha duara.

Hakukitoa. Alijua. Alitazama saa ya ukutani: mbili na dakika thelathini na moja. Lori tupu hutumia dakika mbili kwa kila nguzo. Kitinda yuko namba nane, anakaribia tisa, anaita na kuita, na kwa sababu hajibiwi atapita. Watakutana kwenye kumi na mbili, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kabla ya kugeuka.

Alishika maiki. "Babu Gia, ni mimi wa bandani. Simama kumi na nne. Kuna mtupu anapanda, hana mdomo."

"Nani? Sijasikia mtu."

"Ndiyo maana. Hawezi kusikika, na wewe hatakusikia mpaka mmeshagusana. Jibanze."

"Mwanangu, nina magogo mgongoni na barabara imelowa. Nikikanyaga breki, yanakuja kukaa na mimi kabini."

"Ni mdogo wangu."

Redio ilibaki ikikoroma. Uani utani ulikuwa umekatika. Madereva watano walikuwa wamekaa kwenye kabini zao wakisikiliza. Zilipita dakika tatu ambazo hakuna aliyebonyeza kitu.

"Nimeingia," Babu Gia alisema hatimaye, akihema. "Nusu nje, nusu ndani. Breki zinatoa moshi."

"Usitoke. Nanyi mnaopakia huko mlimani, msiruhusu lori jingine lishuke."

Kisha akaanza kumsemea. Kwa macho yaliyokuwa kwenye saa aliita, "Mtupu, kumi." Baada ya dakika mbili, "Mtupu, kumi na moja." Hakuna aliyehitaji kuzisikia, ila hakuweza kuziacha nguzo zipite bila kutajwa. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

"Bado," alisema Babu Gia.

Saa ilifika mbili na dakika arobaini na nane. Mama Mawimbi hakuwa tena na namba ya kutaja.

"Taa," Babu Gia alisema. "Naziona taa. Anakuja." Kisha, baada ya muda, "Amepita. Kioo changu cha pembeni amekwenda nacho. Nimempungia asimame, naye akanipungia, akapiga honi."

Mama Mawimbi alimhesabia Kitinda nguzo nane zilizobaki, moja moja, hadi msimamizi wa mlimani alipoingia hewani.

"Ndugu yako amefika. Anasema hajaona barabara tulivu kama ya leo. Kila namba aliita, hakuna aliyemzuia."

"Mnyang'anye funguo," alisema Mama Mawimbi. "Nakuja."

Alipanda na lori tupu lililofuata, spana na redio nyingine mapajani. Dereva aliita nguzo zote, na mara hii zilijibiwa. Penye kumi na nne alipunguza mwendo. Lori la Babu Gia lilikuwa limekwishashuka, likiacha mistari miwili myeusi kwenye matope. Mstari wa nje ulikwenda hadi ukingoni, na pale ukingo ulikuwa umemegeka, kipande kirefu kama kitanda. Mawe madogo yalikuwa bado yanadondoka, moja, kisha jingine, na ukungu haukurudisha mlio wa hata moja.

"Mama, hapa zilibaki inchi ngapi?" dereva aliuliza.

Mama Mawimbi aliguna. Kipete kilikuwa mdomoni.