Kipimo cha Kitanda cha Saba

Saa mbili asubuhi Mama Waya bado hajakalia kiti chake. Amesimama wodini mbele ya skrini ya wauguzi, anasoma kipimo cha kila kitanda, kisha anakwenda kukilinganisha na mashine iliyo kando ya mgonjwa. Vitanda kumi na viwili, kila siku.

"Watu hudhani nina wasiwasi," anasema. "Ni kweli, ninao."

Wauguzi ndio waliompa jina hilo la Mama Waya, ingawa hashiki waya. Ana miaka arobaini na sita, na ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu inayopeleka vipimo vya wagonjwa kwenye skrini. Vyote hupita katika mfereji mmoja ndani ya kompyuta, kila kimoja kikitanguliwa na lebo yenye namba ya kitanda.

Mwanzoni programu ilituma lebo peke yake, kisha kipimo. Miezi minane mambo yalikwenda sawa. Asubuhi moja mashine mbili zikatuma kwa wakati mmoja, na kipimo cha kitanda cha nne kikajipenyeza nyuma ya lebo ya kitanda cha saba.

Kwa dakika sita skrini ilisema bibi wa kitanda cha saba anapumua vizuri. Alikuwa anakata roho. Binti yake ndiye aliyepiga kelele.

Bibi alipona, baada ya siku kumi na moja za kupumulia mashine. Muuguzi wa zamu alisimamishwa kazi kwa uzembe.

"Nilikutana naye getini, viatu vyake vya kazi kwenye mfuko," anakumbuka Mama Waya. "Akaniambia, 'Dada, naapa niliiangalia skrini.' Maneno yale yalinikaa rohoni."

Aliipekua programu siku nne. Alipolikuta kosa, hakuna mwingine aliyelijua.

"Una hakika unataka kusema?" mumewe alimwuliza.

"Mwenzangu anabeba mzigo wangu," alimjibu.

Alimwandikia mganga mkuu wa hospitali barua, kisha akaenda kwa bibi kuomba radhi. Binti alimfungia mlango. Muuguzi alirudishwa kazini; Mama Waya akavuliwa ukuu wa kitengo cha kompyuta.

Siku hizi lebo na kipimo husafiri katika kifurushi kimoja, kidogo kiasi kwamba mfereji haukikati katikati.

Hospitali inataka programu hiyo iingie wodi ya watoto. Mama Waya ameomba miezi mitatu ya majaribio, na ruhusa ya mwisho itolewe na muuguzi yuleyule.

"Mimi bado nitamgusa mgonjwa kwanza," muuguzi anamwambia.

"Ndivyo ninavyotaka, mdogo wangu. Skrini yangu ije ya pili."